Tiba ya Pamoja ya Akina Mama Wenye Sonona na Watoto Wao Wadogo: Kwa Nini Nafuu ya Mama Pekee Haitoshi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tiba ya pamoja ya mama mwenye sonona na mtoto wake mdogo, yaani tiba ya mazungumzo ambayo mama na mtoto huhudhuria kikao kimoja, na kinachotibiwa ni uhusiano uliopo baina yao. Swali linaloongoza makala ni hili: je, mama akipata nafuu, mtoto naye hupata nafuu kwa kumfuata? Kwa kurejelea tafiti zilizofanyika Uingereza, Marekani, Pakistani, Afrika Kusini na Uganda, makala yanaonesha kwamba nafuu ya mama ni ya lazima kwa ajili yake mwenyewe, lakini mara nyingi haimfikii mtoto mdogo bila msaada mwingine. Makala yanaeleza pia chimbuko la tiba ya pamoja, yanayotendeka ndani ya kikao, na mipaka ya tiba hiyo. Mwishoni yanapendekeza kwamba kila utafiti wa tiba ya aina hii upime mambo matatu kwa kuyatenganisha: dalili za mama, ukuaji wa mtoto, na mawasiliano kati yao.

Maneno muhimu: sonona, tiba ya pamoja, mfungamano, ukuaji wa mtoto, afya ya akili ya mama

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, huduma inayompokea mwanamke tangu ujauzito na kuendelea na mtoto wake hadi atimize miaka mitano hujulikana kwa watu kuwa ni kliniki ya mama na mtoto. Jina hilo linawaweka wawili hao pamoja. Hata hivyo, yanayopimwa huko kwa kawaida ni ya mwili: uzito wa mtoto unaochorwa kwenye kadi, chanjo, shinikizo la damu la mama na wingi wa damu yake. Inapotokea mama akaonekana kuwa na huzuni isiyokwisha, naye akabahatika kupata mtu wa kumsikiliza, jambo linaloonekana kuwa la busara ni kumwomba amwache mtoto kwa ndugu au muuguzi ili azungumze kwa utulivu. Makala haya yanahusu kile kinachopotea pale mtoto anapotolewa chumbani.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takribani asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani hupatwa na tatizo la afya ya akili, na tatizo kubwa kuliko yote ni sonona. Katika nchi zinazoendelea viwango hivyo hupanda hadi asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Kwa makadirio hayo, katika kila wanawake watano wanaoketi kwenye benchi la kliniki baada ya kujifungua, karibu mmoja anahitaji msaada.

Istilahi ya sonona inatumika hapa kwa maana ya ugonjwa ambao waandishi wengine huuita unyogovu. Mgonjwa huwa na huzuni, au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa muda usiopungua wiki mbili, pamoja na dalili kama vile kukosa usingizi, kukosa nguvu, kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kufikiri vizuri, na wakati mwingine kuwaza kifo. Hali hii inapaswa kutofautishwa na simanzi nyepesi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua, ambayo huwapata wanawake wengi na kuondoka yenyewe. Kwa upande mwingine, mtoto mdogo katika makala haya ni yule aliye kati ya kuzaliwa na kutimiza miaka mitatu, yaani kipindi ambacho karibu kila anachojifunza hukipata kupitia kwa mtu anayemlea.

2.0 Sonona Inavyoingia Katika Mawasiliano ya Mama na Mtoto

Mtoto mchanga hawezi kuambiwa kwamba mama yake anaumwa. Anachokifahamu ni uso, sauti, mikono na kasi ya kujibiwa. Mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978 nchini Marekani, walionesha jambo hili kwa jaribio rahisi. Mama alicheza na mtoto wake kama kawaida. Kisha aliombwa amtazame kwa muda mfupi bila kubadili uso wala kutoa sauti. Halafu akarudia mchezo. Mama alipoukausha uso, watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakatoa sauti ili kumrudisha. Waliposhindwa, waligeuza macho pembeni na miili yao ikalegea.

Katika jaribio hilo mama hurudi baada ya dakika chache. Kwa mtoto wa mama mwenye sonona, uso uliokauka unaweza kudumu kwa wiki au miezi. Tafiti za mawasiliano ya mama wenye sonona na watoto wao zinaeleza sura mbili kuu. Sura ya kwanza ni ya kujitenga: mama huongea kidogo, hutabasamu mara chache, na huchelewa kumjibu mtoto. Sura ya pili ni ya kuingilia: mama humshika mtoto kwa nguvu, humkatiza mchezo, na huzungumza naye kwa ukali. Ingawa sura hizi zinaonekana kupingana, kwa mtoto zina maana moja, kwamba ishara anazozitoa hazizai jibu linalolingana nazo.

Ieleweke kwamba hata mama mwenye afya njema na mtoto wake hupishana mara nyingi kwa siku. Mtoto hutaka kucheza mama anapotaka kumlisha. Mama huongea mtoto anapotaka kupumzika. Tronick alisisitiza katika kazi zake za baadaye kwamba kinachomjenga mtoto ni kurekebishwa kwa mapishano hayo. Mtoto anayepishana na mama yake kisha wakakutana tena hujifunza kwamba juhudi yake ina faida. Sonona hupunguza marekebisho hayo, na mtoto huanza kujifunza kinyume chake.

Matokeo ya muda mrefu hutazamwa kwa kutumia dhana ya mfungamano, iliyoendelezwa na John Bowlby nchini Uingereza na kupewa vipimo na Mary Ainsworth. Mfungamano ni uhusiano wa kihisia unaomfanya mtoto amkimbilie mlezi fulani anapoogopa au kuumia, na kumtumia kama kituo cha kutokea anapotaka kuchunguza mazingira. Inafaa kukumbuka kwamba msingi wa vipimo hivi uliwekwa Afrika Mashariki. Ainsworth aliwatazama watoto 28 wa familia 26 za Waganda karibu na Kampala katika miaka ya 1954 na 1955, na kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Mojawapo ya mambo aliyoyabaini ni kwamba watoto wenye mfungamano salama walikuwa na mama walioweza kumweleza mtafiti habari za watoto wao kwa undani: wanapenda nini, wanaogopa nini, wamebadilika vipi tangu ziara iliyopita. Uangalifu wa namna hiyo ndio unaodhoofishwa na sonona, kwa sababu mama aliyezama katika maumivu yake hubakiwa na nafasi ndogo ya kuona vitu vidogo vya mtoto.

3.0 Ushahidi Kuhusu Tiba Inayomlenga Mama Peke Yake

Ikiwa sonona ya mama ndiyo chanzo cha tatizo, hoja nyepesi ni kwamba kuitibu sonona kunatosha. Hoja hii imepimwa katika mazingira yaliyotofautiana sana.

Huko Cambridge, Uingereza, Peter Cooper, Lynne Murray na wenzao waliwagawanya kwa njia ya kura wanawake 193 wenye sonona ya baada ya kujifungua katika makundi manne: matatu yalipata aina tatu tofauti za tiba ya mazungumzo na moja lilipata huduma za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kwamba hali ya mama waliotibiwa iliimarika mapema, na mama wenyewe waliripoti matatizo machache zaidi katika uhusiano wao na watoto. Hata hivyo, watoto walipopimwa baadaye, mfungamano wao na ukuaji wao wa akili haukutofautiana na ule wa watoto wa kundi ambalo mama zao hawakupata tiba hizo.

Huko Iowa, Marekani, wanawake walitibiwa kwa tiba inayoshughulikia mahusiano ya mtu na watu wazima wanaomzunguka, kama vile mume na wazazi. Tiba hiyo iliipunguza sonona yao. Uchambuzi wa David Forman na wenzake wa mwaka 2007 ulionesha kwamba mzigo wa malezi ulikuwa mwepesi zaidi kwa mama waliotibiwa. Lakini, wakilinganishwa na mama wasiokuwa na sonona, bado waliwaona watoto wao kwa jicho baya zaidi, na dalili za matatizo katika mfungamano na tabia za watoto zilikuwapo miezi 18 baadaye.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa nchi zenye kipato kidogo unatoka katika vijiji vya Rawalpindi nchini Pakistani. Atif Rahman na wenzake, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, waliwafundisha wahudumu wa afya wanawake wa ngazi ya jamii kutoa msaada wa kisaikolojia kwa mama wenye sonona majumbani. Utafiti ulihusisha mama 903. Watoto walipofikia miezi sita, mama waliokuwa bado na sonona walikuwa asilimia 23 katika kundi lililosaidiwa na asilimia 53 katika kundi linganishi. Watoto wa kundi lililosaidiwa walipata chanjo zaidi na waliugua kuhara mara chache zaidi. Haya ni mafanikio makubwa, na Shirika la Afya Duniani limeifanya programu hiyo kuwa mwongozo wa kutumika kwingineko. Mazungumzo yake yaligusa pia uhusiano wa mama na mtoto, lakini kilichofanyiwa kazi hasa kilikuwa fikra na hali ya mama. Watoto hao walipofuatiliwa wakiwa na umri wa takribani miaka saba, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 haukupata tofauti kati ya makundi katika ukuaji wa akili na wa kihisia.

Matokeo haya hayamaanishi kwamba kumtibu mama ni kazi bure. Mama anastahili kupona kwa sababu ni binadamu anayeteseka, si kwa sababu ni chombo cha kumlelea mtoto. Aidha, upo ushahidi wa upande mwingine. Myrna Weissman na wenzake walionesha mwaka 2006, nchini Marekani, kwamba mama walipopona sonona kwa dawa, dalili za watoto wao wenye umri wa miaka 7 hadi 17 zilipungua. Tofauti ya umri inaweza kuwa sehemu ya maelezo. Mtoto wa miaka kumi anayo shule, marafiki, na lugha ya kuulizia. Anaweza kutambua kwamba mama amebadilika na kubadilika naye. Mtoto wa mwaka mmoja ameshajenga mazoea yake ndani ya mwili: ameacha kumtazama mama, au amejifunza kulia bila kumfuata. Mama anapopata nafuu na kumgeukia, hukutana na mtoto asiyemtarajia. Asipoelewa kinachotokea, huliona hilo kuwa ni kukataliwa, na wote wawili hurudi walikokuwa.

4.0 Chimbuko na Utendaji wa Tiba ya Pamoja

4.1 Chimbuko

Tiba ya pamoja inahusishwa hasa na Selma Fraiberg, mtaalamu wa ustawi wa jamii na tiba ya nafsi, aliyeongoza mradi wa ukuaji wa watoto huko Ann Arbor, Michigan, katika miaka ya 1970. Mwaka 1975, akiwa na Edna Adelson na Vivian Shapiro, alichapisha makala kuhusu kile alichokiita mizuka katika chumba cha mtoto, akimaanisha maumivu ya utoto wa mzazi yanayorudi bila kualikwa pale naye anapolea. Katika kisa cha kwanza cha makala hayo, mama kijana mwenye sonona alikuwa na mtoto wa miezi mitano na nusu ambaye kilio chake kilionekana kana kwamba hakimfikii mama yake. Mtabibu hakumfundisha kwanza namna ya kumbembeleza mtoto. Alimsaidia azungumzie alivyoachwa akiwa mtoto, na alie kwa ajili ya hilo, mtoto wake akiwa papo hapo. Kadiri mama alivyosikilizwa, ndivyo alivyoanza kumsikia mtoto wake na kumkumbatia.

Vikao vingi vya mradi huo vilifanyika nyumbani, mara nyingi jikoni, kwa kuwa huko ndiko mama na mtoto walikokuwa. Baada ya Fraiberg, kazi hiyo iliendelezwa San Francisco na Alicia Lieberman na wenzake, waliopanua umri wa watoto hadi wale wanaotembea na kuzungumza.

4.2 Yanayotendeka ndani ya kikao

Ili kufafanua utendaji wa tiba hii, tuchukue mfano wa kufikirika uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Mama Asha ana mtoto wa kike wa miezi ishirini. Wako sebuleni pamoja na mtabibu, na kwenye mkeka kuna vikombe vya plastiki, kitambaa na mwanasesere. Asha anachukua kikombe, anakipeleka kwa mama yake. Mama anatazama dirishani. Asha anasimama kidogo, kisha anakiacha kikombe na kwenda kukaa kwenye kona.

Mtabibu anakiokota kikombe na kusema kwa sauti ya mtoto: "Mama, nilikuletea chai. Onja basi." Mama Asha anatabasamu kwa shida, anakipokea, anaigiza kunywa. Asha anarudi na kucheka. Mtabibu anamwambia mama, "Umeona alivyocheka? Alikuwa anakungoja wewe." Mama anakaa kimya, halafu anasema, "Mimi nilidhani hanipendi. Akiwa kwa bibi yake anacheka siku nzima." Mtabibu hakanushi. Anauliza kwa upole, "Na wewe, mama Asha, ulipokuwa mdogo kama huyu, ulikuwa ukimkimbilia nani?"

Katika dakika hizo chache kuna mambo matatu yanayoitofautisha tiba ya pamoja na ushauri wa kawaida. Kwanza, mtabibu ameipa ishara ya mtoto maneno, ili mama aisikie bila kukaripiwa. Angesema "Mbona humwangalii mtoto?", angeongeza lawama kwa mtu ambaye ugonjwa wake tayari umejaa lawama. Pili, ameionesha furaha ya mtoto kuwa ni jibu kwa tendo la mama, na kwa hiyo ameipinga imani ya mama kwamba hana thamani kwa kutumia ushahidi uliopo mbele ya macho yake. Tatu, ameunganisha kinachotokea sasa na historia ya mama, mlango ukiwa umefunguliwa na mama mwenyewe. Mtoto angekuwa kwa jirani, mama angeweza kusema kwamba mtoto hampendi, na mtabibu angebaki na maneno matupu ya kumfariji.

Zipo pia tiba zinazotumia picha za video. Mama na mtoto hurekodiwa wakicheza, kisha mama na mtabibu huitazama rekodi pamoja na kusimama penye nyakati nzuri. Njia hii, ambayo imeendelezwa sana na watafiti wa Leiden nchini Uholanzi, humwezesha mama kujiona akifaulu, jambo ambalo sonona humnyima kuliona.

5.0 Ushahidi Kuhusu Tiba ya Pamoja: Utafiti wa Rochester

Jaribio linalojulikana zaidi kuhusu tiba hii kwa mama wenye sonona lilifanyika Rochester, New York, chini ya Dante Cicchetti, Sheree Toth na wenzao. Watafiti walichagua kwa makusudi familia zisizo maskini, ambazo mama alikuwa na angalau elimu ya sekondari, ili athari za sonona zisichanganywe na athari za umaskini. Mama 130 walikuwa wamepatwa na sonona kali tangu mtoto azaliwe. Kwa njia ya kura, 66 kati yao waliwekwa katika kundi la tiba ya pamoja na 64 katika kundi linganishi. Mama wengine 68 wasio na historia ya ugonjwa wa akili walikuwa kundi la tatu. Tiba ilianza watoto wakiwa na umri wa takribani miezi 20, na iliendelea kwa vikao vya kila wiki kwa kipindi cha takribani mwaka mmoja.

Kabla ya tiba, mfungamano usio salama ulikuwa mwingi zaidi kwa watoto wa makundi yote mawili ya mama wenye sonona. Watoto walipopimwa tena wakiwa na miezi 36, hali ilikuwa imebadilika katika kundi moja tu. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, mfungamano usio salama uliendelea kutawala katika kundi linganishi, wakati mfungamano salama uliongezeka sana katika kundi la tiba ya pamoja, hata ukazidi ule wa watoto ambao mama zao hawakuwahi kuwa na sonona. Chapisho lingine la utafiti huo, la mwaka 2000, lilionesha kwamba watoto wa kundi la tiba walilinda kiwango chao cha ukuaji wa akili, ilhali wa kundi linganishi walishuka.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni kwamba mfungamano wa mtoto wa karibu miaka miwili haujaganda. Unaweza kupangwa upya. La pili ni kwamba muda peke yake haukuwaponya watoto wa kundi linganishi. Wale wanaosema kwamba mtoto mdogo hajui lolote na akikua atasahau, hawapati msaada wowote katika takwimu hizi.

6.0 Kutoka kwa Wataalamu hadi kwa Wanajamii: Khayelitsha na Lira

Utafiti wa Rochester unazua swali kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Watabibu wake walikuwa wataalamu waliosomea kazi hiyo, na familia zake hazikuwa na njaa. Je, msingi wa tiba hii unaweza kubebwa na watu wasio wataalamu, katika jamii zenye umaskini?

Khayelitsha ni makazi ya watu wengi wenye kipato kidogo karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Huko, Cooper, Murray, Mark Tomlinson na wenzao waliwafundisha wanawake wa eneo hilo kuwatembelea mama tangu mwishoni mwa ujauzito hadi mtoto atimize miezi sita. Wanawake 449 walishiriki. Hawakuchaguliwa kwa kuwa na sonona. Walikuwa wajawazito wa eneo zima. Katika ziara hizo, mtembeleaji alimsaidia mama kuona mtoto wake anaweza nini na anaomba nini, mtoto akiwa mikononi mwao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba mama waliotembelewa walikuwa wepesi zaidi kuhisi mahitaji ya watoto na waliingilia kidogo zaidi. Katika umri wa miezi 18, watoto wenye mfungamano salama walikuwa asilimia 74, dhidi ya 63 katika kundi linganishi. Wakati huohuo, idadi ya mama waliotimiza vigezo vya sonona haikupungua kwa kiwango cha kutosha kitakwimu. Haya ni kinyume cha matokeo ya Cambridge: kule mama alipata nafuu bila mfungamano kubadilika; hapa mfungamano uliimarika bila sonona kuondoka. Kwa hiyo mambo haya mawili yanahusiana lakini si kitu kimoja, na kila moja linadai kazi yake.

Mfano wa karibu zaidi unatoka wilaya ya Lira, kaskazini mwa Uganda. Daisy Singla, Elias Kumbakumba na Frances Aboud walichapisha mwaka 2015 matokeo ya programu ya vikao 12 vya vikundi kwa wazazi wa watoto wenye umri wa miezi 12 hadi 36. Vikao viliendeshwa na wanajamii waliofunzwa, na viliunganisha mambo mawili: malezi ya mtoto, yakiwemo mchezo, mazungumzo, lishe na usafi, na hali ya moyo ya mama, pamoja na heshima kati ya baba na mama. Watoto wa vijiji vilivyoshiriki walipata alama za juu zaidi katika ukuaji wa akili na uelewa wa lugha, na dalili za sonona za mama zilipungua. Urefu wa watoto haukutofautiana. Kwa maana finyu hii ni elimu ya malezi, wala si tiba ya mazungumzo. Hata hivyo inaonesha kwamba mama na mtoto wanaweza kuhudumiwa katika mpango mmoja, na kwamba baba anaweza kualikwa bila mpango kuharibika.

7.0 Mipaka na Tahadhari

Ushahidi uliopo haupaswi kukuzwa kupita kiasi. Alan Stein na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofanyika Uingereza kwa mama wenye sonona ya kudumu. Wote walipata tiba thabiti ya fikra na tabia. Baadhi waliongezewa tiba ya video pamoja na watoto wao, na wengine waliongezewa mazoezi ya kulegeza misuli. Walipofikia miaka miwili, watoto wa makundi yote mawili walikuwa katika kiwango cha kawaida cha ukuaji na hawakutofautiana. Kwa kuwa hapakuwa na kundi lisilotibiwa, tafsiri yake inahitaji uangalifu. Lakini inawezekana kwamba sonona ikitibiwa kwa kina na mapema, nafuu ya mama humfikia mtoto zaidi kuliko tafiti za awali zilivyoonesha.

Tahadhari ya pili ni ya kitabibu. Mama mwenye mawazo ya kujiua, au anayesikia sauti na kuona yasiyokuwapo, anahitaji matibabu ya haraka na ulinzi kabla ya kuingizwa katika vikao vya pamoja. Aidha, yapo mambo ambayo mama anapaswa kuyasema mtoto anayeelewa lugha akiwa hayupo, kwa mfano ukatili anaofanyiwa nyumbani. Tiba ya pamoja haiondoi haja ya vikao vya mama peke yake.

Tahadhari ya tatu ni ya kimaadili. Kiswahili kina methali isemayo "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ikisemwa kwa mzazi mzima, ni himizo; ikisikika kwa mama mwenye sonona, inaweza kuwa hukumu. Mtafiti anayeandika kwamba sonona ya mama huathiri ukuaji wa mtoto anapaswa kuandika pia kwamba sonona ni ugonjwa, kwamba ufukara, ukatili na upweke huichochea, na kwamba uhusiano unatibika.

Tahadhari ya nne inahusu maana ya "pamoja". Tafiti nyingi zimejengwa juu ya mama mmoja na mtoto mmoja ndani ya nyumba. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, mtoto hulelewa pia na bibi, shangazi, dada mkubwa au msichana wa kazi. Mlezi mwingine mwenye furaha anaweza kuwa kinga kwa mtoto. Anaweza pia, kama katika mfano wa mama Asha, kuwa kioo ambamo mama anaona kushindwa kwake. Tiba itakayoletwa katika mazingira haya itabidi iamue nani anaketi mkekani, na uamuzi huo ni suala la utafiti.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba sonona ya mama humfikia mtoto mdogo kupitia mawasiliano ya kila siku, na kwamba mawasiliano hayo hayarudi katika hali nzuri kwa lazima pale dalili za mama zinapopungua. Tafiti za Cambridge, Iowa na Rawalpindi zimeonesha mama wakipata nafuu wakati watoto wao hawakunufaika kwa kiwango hicho. Utafiti wa Rochester umeonesha watoto wakibadilika pale uhusiano ulipotibiwa, na ule wa Khayelitsha umeonesha uhusiano ukiimarika hata pale sonona ilipobaki.

Kutokana na hayo, linatolewa pendekezo moja kwa watafiti na watahini wa kazi zinazohusu afya ya akili ya mama. Tasnifu inayopima dodoso la sonona peke yake, kisha ikahitimisha kwamba watoto watanufaika, imehitimisha jambo ambalo haikulipima. Ni vema kila utafiti uweke wazi vipimo vitatu: dalili za mama, ukuaji wa mtoto, na mawasiliano ya wawili hao yakitazamwa kwa macho ya mtafiti, badala ya kutegemea maelezo ya mama pekee. Kipimo cha tatu ndicho kigumu zaidi kukipata, kwa kuwa kinadai muda wa kukaa na familia, kama Ainsworth alivyokaa na familia za Waganda. Kwa upande wa huduma, hatua ya kwanza haihitaji vifaa vipya. Mhudumu anayemsikiliza mama mwenye huzuni anaweza kuanza kwa kumwacha mtoto abaki chumbani, na kuandika anachokiona kati yao.